Kwa nini walikuja? Maelezo manne ya ubeberu yakipimwa bega kwa bega

Mwaka 1827, ndani ya kasri la mtawala wa Algiers, konseli wa Ufaransa na Dey Hussein walikuwa wakijadili deni. Ufaransa ilichukua ngano ya Algeria kwa mkopo katika miaka ya 1790 ikalishia majeshi yake, na miaka 30 hivi baadaye hesabu ilikuwa bado haijafungwa. Hussein akauliza kwa nini mfalme wa Ufaransa hajibu barua zake. Konseli, Pierre Deval, akamjibu kwa kiburi. Hussein alikuwa ameshika mgwisho wa kufukuzia inzi, akampiga nao. Juni 1830 jeshi la Ufaransa likashuka pwani ya Sidi Ferruch, Julai 5 mji wa Algiers ukasalimu amri, na Wafaransa wakakaa miaka 132.

Hakuna mtu mzima anayeamini kwamba nchi nzima ilimezwa kwa sababu ya mgwisho. Lakini waulize watu wanne waliosoma historia sababu hasa ilikuwa ipi, nawe utapewa majibu manne. Mmoja atataja deni na biashara. Wa pili atasema Mfalme Charles X alikuwa anayumba nyumbani kwake, akatafuta ushindi wa kumpa sifa. Wa tatu atasema walikwenda kwa sababu waliweza. Wa nne atakuambia uitazame Algiers yenyewe: utawala uliochoka, usiopendwa na makabila ya bara, na Sultani wa Istanbul, bwana wake kwa jina, yuko mbali.

Wote wanne wana ushahidi, na hapo ndipo ugumu ulipo kwa anayeandika insha, anayefundisha, au anayetaka tu kubishana bila kuaibika. Kuyamwaga yote manne kwenye ukurasa mmoja na kusema "sababu zilikuwa nyingi" ni kukwepa kazi. Inabidi uchague lipi litangulie, na ujue ukilichagua linakuacha wapi.

Kwanza neno lenyewe

Kiswahili kimetusaidia hapa. Beberu ni mbuzi dume, yule anayeingia zizini kifua mbele na kutaka kila kilichomo kiwe chake. Kwa hiyo ubeberu ni tabia, na ukoloni ni sura moja tu ya tabia hiyo. China haikuwahi kuwa koloni zima la mtu. Ilikuwa na mfalme wake hadi 1912. Hata hivyo, kuanzia 1863 na kwa karibu nusu karne, idara yake ya ushuru wa forodha iliongozwa na Robert Hart, raia wa Uingereza, huku wageni wakiishi katika bandari zake chini ya sheria za kwao wenyewe. Anayetafuta bendera tu hataiona China kabisa.

Uchumi: maelezo matatu yaliyovaa kanzu moja

Haya ndiyo maelezo yanayofundishwa zaidi, na si kwa bahati mbaya. Mwaka 1902 Mwingereza J. A. Hobson alidai kwamba utajiri ukirundikana kwa wachache na wengi wakibaki na mishahara duni, mtaji hukosa pa kuwekwa nyumbani, ukaanza kutafuta nje. Lenin, mwaka 1916, akaichukua hoja hiyo akaipeleka mbali zaidi: ubeberu ndiyo hatua ya juu kabisa ya ubepari. Darasani hoja yote imefupishwa ikawa maneno matatu ya kukariri: malighafi, masoko, uwekezaji.

Kosa linaanzia kwenye kuyakariri kwa pumzi moja. Kila moja lina nguvu yake, na moja kati ya hayo ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani.

Chukua masoko. Waingereza walikunywa chai ya China bila kuchoka, lakini Wachina hawakuwa na haja kubwa na bidhaa za Uingereza. Walitaka fedha halisi, ile ya madini. Dawa ikapatikana Bengal. East India Company, kampuni ya Waingereza iliyotawala huko, ilisimamia kilimo cha afyuni, ikaiuza kwa mnada Calcutta, kisha wafanyabiashara binafsi wakaivusha kwa magendo hadi bandari ya Canton, China. Mwaka 1839 ofisa wa mfalme wa China, Lin Zexu, alikamata makasha zaidi ya 20,000. Kule Humen alichimbisha mashimo, afyuni ikatiwa maji, chumvi na chokaa, ikakorogwa na kumwagwa baharini, kazi iliyochukua wiki tatu hivi. Manowari zikaja. Mkataba wa Nanking wa 1842 ukaichukua Hong Kong, ukafungua bandari tano na kuitoza China fidia ya dola milioni 21. Hapa bidhaa, tarehe na vita vinafuatana kama shanga katika uzi mmoja, wala huhitaji maelezo mengine kuielewa sababu. (Afyuni hiyo Kiswahili huiita pia kasumba. Na leo tukisema mtu ana kasumba, tunamaanisha akili iliyobakia na ukoloni baada ya mkoloni kuondoka. Sijui lugha nyingine iliyojumlisha historia hiyo kwa neno moja.)

Malighafi ni jambo gumu zaidi, na Kongo ndiyo mtego wake. Wengi huandika kwamba Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikwenda Kongo kutafuta mpira. Tarehe zitawaumbua: madola yalimtambua mwaka 1885, wakati tairi la upepo la Dunlop lilikuja 1888. Leopold alitaka koloni kabla hajajua litamlipa kwa nini, na miaka ya mwanzo alikuwa na madeni. Mpira haukumpeleka Kongo. Ulichofanya ni kuamua utawala wake uweje baada ya kufika: mgao wa kilo kwa kila kijiji, wanawake wakishikwa mateka mpaka waume zao watimize mgao, mikono ikikatwa.

Aliyeliona hilo mapema hakuwa hata Kongo. Edmund Morel alikuwa karani wa kampuni ya meli, kazi yake ikimpeleka bandari ya Antwerp. Alitazama meli zikitoka Kongo zimejaa mpira na pembe za ndovu. Akatazama zinazorudi: bunduki, risasi, na vitu vichache sana ambavyo mtu angeweza kuviita bidhaa za biashara. Vitu vya thamani vinatoka na hakuna malipo yanayoingia. Karani akafanya hesabu ya karani: kama hakuna anayelipwa, basi kuna watu wanaolazimishwa. Kelele alizozianzisha yeye na wenzake zilichangia Kongo kuchukuliwa na serikali ya Ubelgiji mwaka 1908. Ndiyo maana nasema malighafi hueleza vizuri zaidi ukatili wa utawala kuliko kuanza kwake.

Uwekezaji ndio mguu mbovu wa kigoda hiki. Sehemu kubwa ya mtaji wa Uingereza uliotoka nje ya nchi kabla ya 1914 ilikwenda Marekani, Kanada, Australia na Argentina. Makoloni mapya ya kitropiki yalipata makombo. Japani ilikopa London na New York ili ipigane na Urusi mwaka 1904, kisha mwaka 1910 ikaimeza Korea: nchi inayokopa mtaji, si inayoumwagia ulimwengu. Na Ureno? Ilikuwa miongoni mwa nchi maskini za Ulaya na bado ikang'ang'ania makoloni yake kuliko wengine wote. Ukiamua kusimama na Hobson, jiandae kwa swali la Ureno, maana litakuja.

Sifa na ushindani: huchagua saa

Charles X aliyataka majeshi yake yatue Algiers ili Paris imshangilie. Haikumshangilia. Mji ulisalimu amri Julai 5, 1830; mwisho wa mwezi huo huo mapinduzi yalilipuka Paris, na Agosti 2 alivua taji. Aliyemrithi hakuwa na sababu yoyote ya kutunza ushindi wa mtangulizi wake, na kwa muda walisitasita. Mwaka 1834 wakaamua kubaki. Kesi hii inaonyesha nguvu na udhaifu wa maelezo ya sifa kwa pamoja: yanaeleza kwa nini 1830, hayaelezi kwa nini hadi 1962.

Yanafanya kazi nzuri zaidi pale madola mengi yanapotazamana. Bismarck, kansela wa Ujerumani, alikuwa akisema hana haja na makoloni, kisha katika miaka ya 1884 na 1885 Ujerumani ikachukua Togo, Kamerun, Kusini Magharibi mwa Afrika na Afrika Mashariki. Mkutano wa Berlin ulifungwa Februari 26, 1885. Hati ya mfalme wa Ujerumani ya kuilinda kampuni ya Carl Peters Afrika Mashariki ilitolewa kesho yake, Februari 27. Hakuna soko linaloweza kugundulika usiku mmoja. Kilichokuwepo ni hofu ya kuachwa nyuma, na ndiyo maana bara zima liligawanywa ndani ya miaka kama 20 baada ya karne nne za Wazungu kuzungukazunguka pwani.

Italia ni mfano wa sifa iliyogeuka kidonda. Machi 1, 1896 jeshi la Mfalme Menelik II wa Ethiopia liliwashinda Waitalia huko Adwa, na serikali ya Roma ikaanguka. Karibu miaka 40 baadaye, 1935, Mussolini aliivamia tena Ethiopia, na kulipiza Adwa kulikuwa sehemu kubwa ya propaganda yake. Mizania ya kiuchumi ya vita ile haikuwa na maana yoyote kwa nchi ambayo watu wake walikuwa wamehamia Amerika kwa mamilioni kutafuta kazi.

Uwezo: ruhusa, si sababu

Hapa sitakaa sana. Kwinini iliwafanya Wazungu waweze kuishi bara ambako awali homa iliwamaliza: msafara wa Waingereza katika Mto Niger wa 1841 ulipoteza watu wengi kwa homa, ule wa 1854 uliotumia kwinini haukupoteza Mzungu hata mmoja. Meli za moshi zilipanda mito. Telegrafu ilifupisha miezi ikawa saa. Huko Omdurman, Sudan, mwaka 1898, wafuasi wa Khalifa, mtawala wa Sudan, zaidi ya 10,000 waliuawa asubuhi moja mbele ya bunduki za Maxim na mizinga, na upande wa Waingereza na Wamisri waliokufa ni karibu 50.

Tarakimu hizo hutisha, na watu hudanganyika nazo. Silaha hueleza kwa nini karne ya 19 ilikuwa rahisi kwao kuliko karne ya 17. Hazielezi kwa nini mtu aliamua kuzitumia. Na zinauzwa: Menelik alikuwa na bunduki za kisasa kwa maelfu, nyingi amezinunua Ulaya, nyingine amepewa na Waitalia wenyewe kabla hawajagombana. Yatumie maelezo haya pale tu swali lako linapoanza na "waliwezaje".

Mlango wa ndani

Maelezo ya nne hayapendwi, na naelewa kwa nini. Yanasema beberu mara nyingi aliingia kupitia mlango uliofunguliwa na mtu wa ndani, na alitwaa nchi moja kwa moja pale tu mtu huyo alipoanguka. Yakishikwa vibaya yanakuwa lawama kwa aliyeporwa. Yakishikwa vizuri yanaeleza mambo ambayo hayo mengine hayawezi.

Huko Mexico, Cortés aliuangusha mji wa Waazteki, Tenochtitlan, mwaka 1521 akiwa na Wahispania mamia kadhaa tu. Maelfu kwa maelfu ya wapiganaji waliokuwa pamoja naye walitoka Tlaxcala na miji mingine iliyochoka kutozwa kodi na Waazteki. Huko Plassey, Bengal, mwaka 1757, Robert Clive wa East India Company alikuwa na askari wapatao 3,000 dhidi ya jeshi kubwa mara nyingi, lakini kamanda mkuu wa upande wa pili, Mir Jafar, alikuwa ameshaahidiwa kiti cha unawabu, yaani utawala wa Bengal, na matajiri wakopeshaji wa Bengal walikuwa ndani ya njama. Mwaka 1765 Kampuni ikapewa haki ya kukusanya kodi ya Bengal yote. Mwaka 1770 njaa iliua mamilioni ya watu jimboni humo, na kodi iliendelea kudaiwa.

Mtihani wa nchi tatu zilizofilisika

Kupima maelezo kwa mfano mmoja ni rahisi kujidanganya, maana kila mfano humpendelea aliyeuchagua. Njia ninayoiamini ni kutafuta nchi zilizofanana kwa sababu moja, uone kama matokeo nayo yalifanana. Tunis, Misri na Dola ya Osmani (milki ya Waturuki yenye makao Istanbul) zilikopa Ulaya wakati mmoja, zikashindwa kulipa karibu wakati mmoja.

| | Wadai waliingiaje | Jeshi liliingia? |
|---|---|---|
| Tunis | Tume ya kimataifa ya fedha, 1869 | Ndiyo, Ufaransa, 1881 |
| Misri | Tume ya deni, 1876 | Ndiyo, Uingereza, 1882 |
| Dola ya Osmani | Utawala wa deni la taifa, 1881 | Hapana |

Deni lilikuwepo kote. Kama uchumi peke yake ungetosha, Istanbul nayo ingekaliwa. Haikukaliwa wakati huo kwa sababu hakuna dola lililokuwa tayari kuliona dola jingine likiushika mlango wa Bahari Nyeusi. Badala yake wadai walikabidhiwa mapato ya chumvi, tumbaku, hariri na mengineyo, wakawa na makarani wao wenyewe wa kukusanya, bendera ya Sultani ikipepea juu ya paa. Hapo ushindani wa madola ndio ulioamua, tena kwa kuzuia.

Misri inahitaji kutazamwa kwa karibu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuia pamba ya majimbo ya kusini, bei ya pamba ya Misri ilipaa. Khedive Ismail, mtawala wa Misri, akakopa kana kwamba bei hiyo ni ya kudumu: reli, mifereji, majumba, sherehe za kufungua Mfereji wa Suez mwaka 1869. Vita vikaisha, bei ikashuka, riba haikushuka. Mwaka 1875 aliiuzia serikali ya Uingereza hisa zake za mfereji kwa pauni karibu milioni 4. Mwaka uliofuata tume ya deni ikaundwa. Mwaka 1878 waliingizwa mawaziri wa Kizungu katika baraza lake, Mwingereza kwenye fedha na Mfaransa kwenye ujenzi. Kubana matumizi kukawagusa maofisa wa jeshi, waliocheleweshewa mishahara na kupunguzwa kazi. Alipojaribu kuwaondoa mawaziri hao, wadai walimshinikiza Sultani wa Osmani, bwana wa Misri kwa jina, naye mwaka 1879 akamwondoa Ismail.

Hapo ndipo mlango wa ndani ulipovunjika. Kanali Ahmad Urabi, mtoto wa kijijini aliyepanda vyeo, aliongoza maofisa na wakulima waliochoshwa na Khedive mpya pamoja na wadai wake. Julai 11, 1882 manowari za Uingereza zilipiga Alexandria, na Septemba 13 Urabi akashindwa Tel el-Kebir. Waziri Mkuu Gladstone, aliyekuwa maarufu kwa kupinga ubeberu, alikuwa mwenyewe na hatifungani za deni la Misri. Waingereza waliahidi kuondoka upesi. Askari wao wa mwisho waliondoka 1956.

Sasa pima. Deni lilimvua Khedive uwezo wa kuwatuliza watu wake. Njia ya kwenda India iliifanya London isikubali Misri iwe na utawala usioutegemea. Manowari zilifanya kazi iwe ya majuma machache. Urabi alichagua mwaka, bila kutaka. Kama ningelazimishwa kutanguliza moja, ningetanguliza deni, maana bila hilo hao wengine watatu wasingekutana mahali pamoja. Lakini ningelitanguliza kama deni, yaani uhusiano wa mdai na mdaiwa, na si kama "mtaji uliokosa pa kwenda". Hobson aliyapata maelezo kwa upande wa mkopeshaji. Misri inayaonyesha kwa upande wa aliyekopa.

Uchague lipi?

Chagua kwa swali ulilonalo. Ukiuliza kwa nini nchi fulani ilitamaniwa, shika uchumi, lakini taja bidhaa yenyewe na uangalie tarehe yake mara mbili. Ukiuliza kwa nini mwaka ule na si miaka 50 kabla, ushindani wa madola utakusaidia zaidi. Swali likiwa kwa nini nchi mbili jirani, zenye mali sawa, zilitendewa tofauti, nenda kwenye mlango wa ndani.

Ustaarabu, ule mzigo wa kuwaletea wengine nuru, siuweki kwenye orodha ya sababu. Mkataba wa Berlin ulizungumzia kukomesha utumwa, na chini ya kivuli cha maneno hayo hayo Leopold akapewa nchi. Kulikuwa na watu walioamini kwa dhati, sikatai. Nitaanza kuuita sababu siku nitakapoonyeshwa nchi iliyotwaliwa kwa ajili hiyo peke yake, bila mali, bila mpinzani, bila njia ya kwenda mahali pengine.

Matokeo nayo yanataka mizani

Mizani inayotumika sana ni ile ya daftari: upande huu reli, shule na hospitali, upande huu vifo na uporaji, jumlisha, toa, toa hukumu. Siipendi, na si kwa hasira tu. Haiulizi nani alilipia. Reli za India zilijengwa na kampuni za Uingereza zilizohakikishiwa faida ya asilimia 5, na pengo likitokea linazibwa na kodi ya Wahindi. Mwekezaji hakuwa na sababu ya kubana gharama. Hasara haikuwa yake. Ukiiandika reli hiyo upande wa zawadi, umeshakosea kabla ya kujumlisha.

Mizani bora ni kulinganisha aina ya utawala. Nani alikamata ardhi? Nani alifundishwa kazi ya kuendesha nchi? Weka Algeria na Misri bega kwa bega: zote Afrika Kaskazini, zote za Waislamu, zote ziliwahi kuwa chini ya Osmani. Algeria ilijaa walowezi. Kufikia 1954 walikuwa karibu milioni moja katikati ya Waislamu wapatao milioni 9, na mashamba mazuri yalikuwa yao. Kuondoka kwa Ufaransa kulihitaji vita vya miaka karibu 8, na kulipokuja, walowezi karibu wote waliondoka ndani ya miezi. Misri haikuwa na walowezi wa kushika ardhi namna hiyo. Ilipewa uhuru wa nusunusu mwaka 1922, mkataba mpya 1936, na Waingereza wakaondoka kidogo kidogo. Bendera ya mtawala haielezi tofauti hiyo kama ardhi inavyoieleza.

Swali la pili, la nani alifundishwa, linazitenganisha Kongo na Korea. Kongo ilipopata uhuru Juni 30, 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu walikuwa chini ya 30 katika nchi inayokaribia ukubwa wa Ulaya Magharibi yote. Korea ilitawaliwa na Japani kwa mkono wa chuma. Kuanzia 1940 watu walishinikizwa hata kuchukua majina ya Kijapani. Lakini Wajapani walijenga viwanda huko, na Wakorea wengi walipita shuleni na viwandani. Hilo halimfanyi mtawala huyo kuwa mpole. Linaonyesha kwamba ukatili na kiwango cha maarifa yanayobaki ni vitu viwili, vipimwe mbalimbali.

Kuna pia matokeo ambayo hayakai ndani ya mpaka wa nchi yoyote. Baada ya utumwa kupigwa marufuku katika makoloni ya Uingereza, mashamba ya miwa yalihitaji mikono mingine. Kuanzia 1834 Wahindi zaidi ya milioni moja walipelekwa Mauritius, Trinidad, Guyana, Natal, Fiji na kwingineko kwa mkataba wa miaka mitano mitano. Neno la Kiingereza la mkataba huo lilipotamkwa nao likawa girmit. Sisi tulimwita mtu wa namna hiyo manamba, kwa sababu alikuwa namba. Lugha mbili, bahari moja kati yake, na zote zikaishika karatasi badala ya mtu.

Mipaka watu huizungumzia sana, hivyo nitataja mmoja tu. Cyril Radcliffe, mwanasheria ambaye hakuwa amewahi kufika India kabla ya hapo, alipewa wiki tano hivi mwaka 1947 kuikata Punjab na Bengal. Mstari wake ulitangazwa Agosti 17, siku mbili baada ya uhuru wa India, watu wakiwa wameshasherehekea bila kujua wako nchi gani. Zaidi ya milioni 10 walihama, na waliouawa huhesabiwa kwa malaki.

Ukitaka tokeo lililoishi zaidi ya utawala wenyewe, chukua Haiti. Watumwa wa huko waliishinda Ufaransa na kutangaza uhuru mwaka 1804. Mwaka 1825 manowari za Ufaransa zilikuja na hati: Haiti itatambuliwa ikilipa faranga milioni 150, fidia kwa mabwana waliopoteza mashamba na watu wao. Haiti haikuwa nazo, ikakopa Paris ili iweze kuilipa Paris. Mwaka 1838 fidia ilipunguzwa hadi milioni 90, lakini mikopo iliyozaliwa nayo ilimalizika kulipwa 1947. Mfalme aliyetia saini hati ile ni Charles X, na mwaka huo alipokuwa akidai milioni 150, hesabu ya ngano ya Algiers ilikuwa bado haijafungwa.